Nani Bado Yuko Ndani?

Katika vilima vya chai, kuanzia Kericho hadi Litein, Kapkatet na Mogogosiek upande wa Bomet, nduru ndiyo king'ora cha kwanza. Ikipigwa, majirani huacha walichoshika na kukimbilia ilikotoka. Shida ni mabonde. Sauti hugonga kilima cha ng'ambo ikarudi, ikagonga kingine ikarudi tena, na anayekimbia husimama njia panda akijiuliza: imetoka juu kwenye laini za wafanyakazi, au chini mtoni? Aliyezaliwa hapa hutega sikio apate ile sauti ya kwanza, iliyokuja moja kwa moja. Zinazofuata ni mwangwi, na mwangwi humpeleka mtu kusiko.

Historia hii ni ya watu walioutumia umri wao wa kazi kuifundisha mashine usikivu huo. Walitaka mzimamoto aliyepotea ndani ya moshi apige nduru ya redio, na wenzake walio nje waone katika kioo cha kompyuta amesimama wapi, ghorofa ya ngapi, upande gani wa ukuta. Jambo hilo linasikika dogo. Limewachukua wanasayansi zaidi ya miaka 25, na kila hatua yake imelipiwa kwa maisha ya watu.

Sisi wa nchi ya chai tuna sababu ya kuifuatilia. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoanza kupanda chai Kericho katikati ya miaka ya 1920, zilileta pamoja na miche aina mpya ya jengo: kiwanda cha chai. Baadaye, chini ya shirika la KTDA lililoundwa mwaka 1964, viwanda vya wakulima wadogo vilienea hadi Bomet. Jengo lenyewe halijabadilika sana. Paa ni la mabati. Ndani mna vitanda virefu vya kunyaushia majani, mashine za kusaga, mabomba mapana ya hewa ya moto, boila inayokula kuni za mikaratusi, na mwisho wa yote stoo yenye chai iliyokaushwa hadi ikabaki na maji kidogo mno. Vumbi la chai hiyo hutua juu ya boriti na nyaya. Ni jengo lenye joto, kuni na vumbi kavu chini ya paa moja, na limejaa chuma kila upande. Chuma hicho, kama tutakavyoona, ndicho adui mkubwa wa mawimbi ya redio.

Lakini tuna urithi mwingine unaotuhusu zaidi: tunajua kuhesabu. Mkulima wa chai ana namba yake. Majani yake yakifika kituoni, karani huyapima kwenye mizani, hunakili kilo kwa namba ile, na mkulima huondoka na risiti. Kilo 3 za mama mjane wa Konoin haziwezi kuchanganywa na kilo 30 za jirani yake. Ukimuuliza karani jioni majani ya nani yamepanda lori, atakuonyesha. Uukumbuke mfumo huo, tutaurudia.

Sasa twende mbali, katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani, jioni ya Ijumaa, 3 Desemba 1999. Mjini hapo palikuwa na ghala la zamani la kuhifadhia nyama, lililojengwa mwaka 1906. Lilikuwa na ghorofa sita na karibu halikuwa na madirisha, maana baridi haikutakiwa kutoka. Kuta zake zilikuwa zimevikwa magamba ya koki, lami na povu la plastiki, vitu ambavyo vikishika moto hutoa moshi mzito mweusi. Ghala lilikuwa limefungwa kwa miaka, lakini watu wawili wasio na makao walikuwa wakilala humo. Mchana wa siku hiyo mshumaa wao uliangushwa, moto ukashika, nao wakaondoka bila kumwambia mtu.

Muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, polisi mmoja aliyekuwa nje ya zamu aliona moshi juu ya paa akatoa taarifa. Wazimamoto walifika haraka. Wakaambiwa kwamba huenda kuna watu wanaolala ndani, wakaingia kuwatafuta. Wawili kati yao, Paul Brotherton na Jeremiah Lucey, walipanda juu. Ghafla moshi ukajaa jengo lote, na ndani ya dakika chache hata mkono mbele ya barakoa haukuonekana. Wale wawili wakapotea.

Walikuwa na redio, nazo zilifanya kazi. Waliita, wakajibiwa. Walisema hewa katika mitungi yao inakwisha na kwamba wamepotea. Wenzao waliokuwa chini waliwasikia vizuri. Kitu kimoja tu hakikupita katika mawimbi yale: mahali. Walioita hawakujua walipo, na walioitwa hawakuwa na njia ya kujua. Thomas Spencer, Timothy Jackson, James Lyons na Joseph McGuirk walipanda kuwatafuta, nao wakamezwa na moshi ule ule.

Karibu saa mbili usiku, kiongozi aliyekuwa ndani ya jengo, Mike McNamee, alisimama mlangoni akawazuia watu wake kupanda tena. Walitaka kwenda. Walikuwa wakiwaita wenzao kwa majina. Aliwaambia kwamba sita wamekwisha kwenda na kwamba hataongeza wengine. Kazi ya kuitafuta miili katika kifusi iliendelea kwa siku 8. Na wale wasio na makao, ambao kwa ajili yao wanaume sita walikufa, hawakuwamo ndani muda wote huo.

Worcester ni mji wa wastani, na katika mji huo huo kuna chuo cha uhandisi, Worcester Polytechnic Institute. Walimu wake walikuwa majirani wa wafiwa. Baadhi yao, wakiwemo David Cyganski, John Orr na James Duckworth, walijiuliza swali ambalo mhandisi yeyote wa redio angejiuliza baada ya usiku ule: ikiwa sauti ya mtu iliweza kutoka ndani ya jengo, kwa nini mahali alipo pasitoke pamoja nayo?

Jibu rahisi lingekuwa GPS. Lakini setilaiti za GPS ziko kilomita 20,000 juu ya dunia, na ishara yake ikitufikia imedhoofika kiasi kwamba paa la zege au la mabati linatosha kuizima. Njia ya pili ingekuwa kufunga vifaa vya kusaidia ndani ya kila jengo, lakini ni mji gani unaoweza kufunga vifaa katika kila ghala bovu lililoachwa? Walimu wale wakajiwekea sharti gumu. Mfumo wao usitegemee chochote kilichomo ndani ya jengo, wala ramani yake. Wazimamoto wafike, wapaki magari, na magari yenyewe yawe vipokezi. Kila mtu anayeingia avae kisanduku kidogo kinachorusha mawimbi, na kompyuta nje ikokotoe alipo kwa kosa lisilozidi mita moja.

Kwa nini mita moja? Kwa sababu ukuta ni mwembamba. Mfumo unaokosea kwa mita tatu unaweza kukuambia mtu yuko kwenye korido hii, kumbe yuko chumba cha pili ambacho mlango wake uko upande mwingine wa jengo. Na ukikosea kwa mita tatu kwenda juu, umempeleka mwokoaji ghorofa isiyo yake.

Hapo ndipo mwangwi wa mabonde yetu unapoingia katika hesabu. Wimbi la redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, yaani sentimita 30 hivi kwa sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni. Ukipima muda ambao wimbi limechukua kufika kwenye vipokezi kadhaa, unaweza kujua umbali kutoka kila kimoja, na mahali umbali huo unapokutana ndipo mtu alipo. Uwanjani kazi hii ni rahisi. Ndani ya jengo, wimbi hugonga kabati la chuma, bomba, ngazi na nondo zilizo ndani ya zege, likafika kwenye kipokezi kwa njia kumi tofauti. Baya zaidi, lile lililonyooka huwa limedhoofishwa na kuta, hivyo mwangwi hufika ukiwa na nguvu kuliko sauti yenyewe. Mashine ikiusadiki mwangwi, inamwona mtu mahali ambapo hayupo.

Dawa waliyoitumia Worcester ilikuwa kurusha ishara iliyosambaa katika masafa mengi kwa wakati mmoja. Mlio mmoja mrefu ukichanganyika na mwangwi wake huwezi kuutenganisha nao. Milio mingi yenye vimo mbalimbali, ikipokewa pamoja, huacha alama inayoonyesha ipi imetangulia na ipi imefuata. Waliujaribu mfumo huo katika nyumba na majengo ya chuo, na kuanzia mwaka 2006 wakawa wanawaalika watafiti na wazimamoto katika mkutano wa kila mwaka wa kujadili tatizo hilo tu. Ulikuwa mkutano wa aina ya pekee: maprofesa wenye milinganyo yao walikaa na watu waliokuwa wamebeba majeneza ya wenzao.

Wakati Worcester inaendelea kupima, Afrika Mashariki nayo ilikuwa ikijifunza somo hilo hilo kwa njia yake. Tulikuwa tumelianza mapema zaidi. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, likaua watu 213 na kuiangusha Ufundi House iliyokuwa jirani. Chini ya kifusi kile walikuwemo watu hai waliozungumza na waokoaji. Mwanamke mmoja alisikika kwa siku kadhaa, taifa zima likimwombea, na alipofikiwa alikuwa amekwisha kufa. Mfano huo haujatoka vichwani mwa watu wa umri wangu. Sauti ilikuwepo. Mahali pake ndani ya tani zile za zege hapakuweza kufikiwa kwa wakati.

Tarehe 28 Januari 2009 duka la Nakumatt Downtown liliteketea katikati ya Nairobi, na zaidi ya watu 25 wakafa. Siku tatu baadaye lori la mafuta lililopinduka Sachangwan, karibu na Molo, lililipuka na kuua zaidi ya watu 100 waliokuwa wamelizunguka. Jamaa walizunguka hospitalini na mochari wakiwa na picha mikononi, kwa kuwa hapakuwa na orodha popote ya nani aliingia dukani wala nani alikimbilia lori.

Kisha ikaja Westgate. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi wanne waliingia katika jengo hilo la maduka, na kufikia mwisho wa siku nne watu 67 walikuwa wameuawa. Alasiri ya siku ya kwanza polisi wa kikosi cha Recce walikuwa wameingia na kuanza kuwabana wavamizi. Wanajeshi wakaingia nao. Vikosi hivyo viwili havikuwa na mawasiliano ya redio ya pamoja, na ndani ya korido zile hakuna aliyejua mwenzake yuko wapi. Walipigana risasi wenyewe kwa wenyewe, afisa mmoja wa polisi akafa, kikosi chake kikatoka nje, na mzingiro ukarefuka. Mwaka uliofuata serikali iliipa Safaricom mkataba wa takribani shilingi bilioni 15 wa kujenga mtandao wa kamera na mawasiliano ya usalama kwa Nairobi na Mombasa. Huo ulikuwa ukiri mkubwa wa serikali kwamba kutojua mwenzako yuko wapi kunaua.

Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la makazi lilianguka mtaani Huruma. Waokoaji walitoa mtoto mchanga akiwa hai baada ya saa 80 hivi, na siku ya sita wakatoa watu wengine wanne wakipumua, akiwemo mama mjamzito. Watu takribani 50 walikufa. Waliopona walipatikana kwa kazi ya mikono na masikio: mashine zinazimwa, watu wote wananyamaza, mtu anagonga zege na kusikiliza. Mwaka mmoja kabla ya hapo, baada ya tetemeko la Nepal la Aprili 2015, kifaa cha rada kilichobuniwa na shirika la anga la Marekani, NASA, kiliwasaidia waokoaji kuwapata wanaume wanne chini ya kifusi kwa kutambua mapigo ya moyo. Kifaa chenyewe kinatosha kubebwa kama begi. Nimekitaja kwa sababu kinaonyesha kwamba redio inaweza kumtafuta hata mtu asiyevaa kitu chochote.

Utafiti wa kumtafuta mwokoaji mwenyewe nao ulikuwa umetawanyika katika njia kadhaa. Kuna waliosema: kama mawimbi yanadanganya, tuhesabu hatua. Wakaweka vitambuzi vya mwendo ndani ya kiatu. Kila mguu unapokanyaga chini husimama kwa nukta moja, na katika nukta hiyo kompyuta husahihisha makosa iliyokusanya. Watafiti wa Sweden, katika chuo cha KTH, walitengeneza kifaa cha namna hiyo na kutoa ubunifu wake bure kwa yeyote anayeutaka. Kipima presha ya hewa kikaongezwa ili kujua ghorofa, kwa kuwa presha hupungua kwa kila mita unayopanda. Shida ya kiatu ni kwamba kosa hujilimbikiza polepole, na mzimamoto hatembei kama mtu aendaye sokoni. Hutambaa kwa magoti, hujiburuta, hupita kwa ubavu.

Wengine walirudi kwenye fizikia ya zamani. Katika maabara ya JPL ya NASA, mwanasayansi Darmindra Arumugam na wenzake walibuni mfumo walioupa jina POINTER. Huo hautumii mawimbi ya kawaida yanayoruka na kugonga. Unatumia uga wa sumaku wa masafa ya chini sana, ambao hupita ukutani bila kujali na hautoi mwangwi ule. Uga huo huonyesha hata mwelekeo: mtu amesimama, au amelala chini. Gharama yake ni umbali, maana hudhoofika upesi na hufika makumi ya mita tu. Lakini makumi ya mita ndiyo ukubwa wa nyumba nyingi zinazoungua.

Hadi leo hakuna kifaa kimoja kilichomaliza kazi. Kinachovaliwa na wazimamoto wengi katika nchi tajiri bado ni kile cha miaka ya 1980: king'ora kidogo kifuani kinacholia mvaaji asipotikisika kwa nusu dakika. Ni nduru ya mashine. Wenzake huifuata kwa masikio, na moshi na mwangwi huwapoteza kama zamani.

Turudi nyumbani. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi huduma ya zimamoto na kukabili majanga kwa serikali za kaunti, na tangu mwaka 2013 jukumu hilo limekuwa la Kericho na Bomet zenyewe. Ni mzigo mzito. Jioni ya 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, lori lilipoteza mwelekeo likayaparamia magari na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara, watu 52 wakafa. Waokoaji walifanya kazi kwenye mvua, wakitafuta chini ya vyuma kama kuna aliyebaki.

Na usiku wa 5 Septemba 2024, bweni la shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, liliungua likiwa na wavulana 156. Kesho yake serikali ilitangaza kwamba watoto 70 hawajulikani walipo. Fikiria mzazi aliyesikia namba hiyo redioni. Wengi wa watoto hao walikuwa hai: wazazi waliwachukua usiku ule, wengine walijihifadhi kwa majirani. Waliokufa walikuwa 21. Kati ya 70 na 21 kuna siku nzima ya mateso ya familia nyingi, na chanzo chake hakikuwa uhaba wa setilaiti wala rada. Hapakuwa na daftari mlangoni.

Ndiyo sababu nimekuomba uukumbuke mfumo wa karani wa chai. Teknolojia yote niliyoisimulia ina sakafu inayosimamia, nayo ni hesabu. Kikosi chenye nidhamu huweka mtu mlangoni, na kila anayeingia humwachia kibati chenye jina lake. Yule wa mlangoni huandika saa ya kuingia na kiasi cha hewa kilichomo mtungini, akajua kabla ya mwenye mtungi kwamba dakika zinakwisha. Anayetoka huchukua kibati chake. Kibati kinachobaki ubaoni ni mtu. Kamba ya kuongozea inayofungwa mlangoni na kushikwa hadi ndani humrudisha mtu gizani bila betri. Vitu hivi haviombi mkopo wa benki, na hakuna kaunti isiyoviweza. Viwanda vya chai navyo vinaweza kuwakaribisha wazimamoto kabla ya moto, wakatembea kati ya vitanda vya kunyaushia na boila mchana kweupe, wakajaribu redio zao chini ya yale mabati na kujua zinakatika wapi.

Siku moja vifaa vya POINTER au ndugu zake vitafika Kericho, kama simu za mkononi zilivyofika, na ningependa vitukute tayari. Mashine itakayomwonyesha mzimamoto kama nukta kwenye kioo haitakuwa na maana kwa kikosi kisichojua ametumwa nani.

McNamee aliposimama pale mlangoni Worcester, hakujua watu wake wako wapi. Alijua ni wangapi, na kwa majina. Kwa kujua hivyo tu aliwaokoa wengine wote waliotaka kupanda. Miaka 25 ya sayansi imekuwa ikijaribu kumwongezea lile la pili, mahali. La kwanza tunalo mikononi sisi watu wa chai, na tulifundishwa na mizani. Moto ukizimwa, kabla gari halijageuzwa, mtu mmoja afungue daftari afanye kazi anayoifanya karani kila jioni: alinganishe walioingia na waliotoka, jina kwa jina, mpaka hesabu ifunge.